Picha ya Jikoni

"Ndoo itoke. Na fagio. Na hizo kandambili," Eddie alisema, jicho moja likiwa kwenye kamera. "Mnunuzi asione kwamba kuna mtu anaishi hapa. Anataka aone atakavyoishi yeye."

Spéciose aliinama akaokota kandambili. Zilikuwa zake.

Tangu alfajiri alikuwa akiihangaikia nyumba hii ya Kagarama kana kwamba ni bibi harusi anayesubiriwa kanisani. Alifuta vioo kwa magazeti, akafungua mapazia yote, akashusha vifuniko vya vyoo, akabandua kwenye friji vikaratasi vya dawa za mabuja, bibi mwenye nyumba, aliyefariki kabla ya mvua kuanza. Spéciose ndiye aliyemwosha, akamlisha kwa kijiko, na mwisho akamfumba macho. Binti wa marehemu, Lillian, alikuja kutoka Kanada kuzika, akarudi na vitenge viwili na saa ya ukutani, na sasa alikuwa anauza. Hapakuwa na ubaya. Mali ni yake. Ila chumba cha uani alicholala Spéciose kilikuwa ndani ya mali hiyo, na Spéciose hakuwa na kwingine. Kule Bujumbura, kwenye kiwanja cha wazazi wake, wengine walishajenga, na waliobaki mtaani hata jina lake hawalijui.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha yeye na mpiga picha. Eddie alikulia Bukoba, Kinyarwanda chake kinachechemea. Spéciose alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Kijana alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyima. Alipiga goti pembeni mwa kila chumba, akaishika kamera usawa wa kiuno ili kuta zisimame wima, akangoja wingu lipite. Kioo cha sebuleni aliomba kigeuziwe ukutani.

"Kinachong'aa ndicho adui yangu, mama. Kikinidaka, nami nimo kwenye picha."

Walipofika jikoni, Spéciose alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani na aproni nyeupe juu yake. Kwenye meza lilikaa birika la mabuja, alilolisugua kwa jivu na ndimu mpaka likawa kama limenunuliwa jana.

"Eddie mwanangu, hii ya jiko, mi niingie."

"Uingie wapi?"

"Kwa picha. Nisimame hapa karibu ya birika, weye unapiga. Mwenye atanunua aone nyumba iko na mtu wake. Hii bomba ukifungua sana inavuja, nani atamwambia? Umeme ikikatika, mi najua pa kugusa." Kisha akapunguza sauti. "Mshahara anaweza kupunguza. Chumba tu anibakishie."

Eddie alijikuna shingo. "Mama, kizuri chajiuza."

Alikuwa akiisema nyumba. Spéciose aliijua nusu ya pili ya methali, ile ya kibaya kinachojitembeza, na ilimchoma. Lakini asiye na pa kulala anaona haya mpaka lini?

"Nipige tu, mwanangu."

Akapigwa. Alitabasamu midomo ikiwa imefungwa, kwa sababu ya jino la mbele lililong'oka.

"Umetoka vizuri kweli," Eddie alisema.

"Utaiweka na zile zingine?"

"Yego, mama."

Alisema ndiyo kwa Kinyarwanda, lugha asiyoiweza. Labda ndiyo maana ilimtoka kirahisi.

Tangu siku hiyo, kila geti lilipogongwa Spéciose alifunga aproni kabla ya kufungua. Hatimaye Mugenzi, dalali aliyepewa nyumba, akaleta mke na mume wenye duka Remera. Mke alitembea ameshika simu mbele yake, chumba hadi chumba, akilinganisha.

"Kila kitu kiko kama kwa picha," alimwambia mumewe, na furaha ilisikika.

Spéciose aliwatangulia jikoni. Akasimama palepale, karibu na birika, akafunga midomo, akatabasamu.

Mwanamke aliingia. Akatazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo anaondoka, madamu," Mugenzi alijibu haraka. "Mwisho wa mwezi nyumba itakuwa wazi."

"Mi niko kwa picha," Spéciose alisema. "Angalia vizuri, mama."

Mwanamke hakuwa mbaya. Alisita, kisha akampa simu aangalie mwenyewe.

Jiko lilikuwa zuri. Dirisha, meza, jua juu ya vigae. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa na ukuta, na vigae vilishuka mpaka sakafuni bila kasoro, kana kwamba hapajawahi kusimama mtu. Hata kivuli Eddie alikiondoa. Fundi ni fundi. Spéciose aliumia, akaumia zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlilia.

Ndipo akaliona birika pichani. Kwenye tumbo lake palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele: aproni. Juu ya aproni, uso. Hapo Eddie hakupaona. Spéciose alipanua picha kwa vidole viwili, na kadiri alivyoupanua ndivyo ule uso ulivyozidi kufifia.

"Mama, simu," mwanamke alisema taratibu.

Akairudisha.

Wageni walitoka kwenda uani. Sauti ya Mugenzi ilisikika ikiwaonyesha chumba cha Spéciose: "Hapa kitanda kikitoka, mnaweka stoo."

Spéciose alibaki jikoni. Alichukua kitambaa, akalisugua birika, akaangalia, akalisugua tena.