Kitambaa cha Tawi la Verba

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi wanawake wa tawi la Verba, la umoja wa wanawake ambao wazee wao walihamia kutoka ng'ambo, hushuka ngazi za kanisa, huvua mabuti ya theluji, huvaa ndara za sufi na kuanza kukanda unga. Viti vya chumba hicho cha chini ni ishirini na vinne. Alhamisi hiyo ya mwezi wa pili waliokalia viti walikuwa kumi, na kati ya hao kumi, wanachama walikuwa tisa.

Wa kumi alikuwa Ruslana Zadorozhna, aliyekuja Manitoba mwaka juzi kutoka upande wa Kherson kwa sababu ya vita. Alifanya kazi ya kuwaogesha wazee katika makao yao, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa akifumba vareniki sitini, maandazi madogo ya kuchemshwa, viazi ndani, kingo zimebanwa vizuri, wakati Orysia Kushnir, katibu, akihangaika na ya ishirini. Mara tatu aliomba uanachama, na mara tatu alikataliwa kwa upole na kupewa chai. Kanuni ya tawi inasema wazi kwamba anayejiunga alete cheti cha ubatizo, chake au cha nyanya yake, kilichotoka kijijini kwao ng'ambo na chenye muhuri.

“Nyumba ya nyanya yangu ilichukuliwa na maji bwawa lilipobomolewa vitani, Bi Teklia,” Ruslana alisema mara ya tatu. “Kabati liko humo, na karatasi ziko kabatini. Wanaozisoma sasa ni samaki.”

“Pole sana, mwanangu,” alijibu Bi Teklia Boychuk, mwenyekiti. “Ongeza sukari.”

Bi Teklia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka sabini na tisa na barua moja mfukoni mwa aproni, na barua hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Makao makuu ya umoja yalikuwa yameandika kwamba tawi litakaloingia kwenye mkutano wa mwaka, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tatu, likiwa na wanachama chini ya kumi na wawili, litafungwa, na sanduku lake la darizi litapelekwa Winnipeg kwenye makumbusho.

“Ziwekwe nyuma ya kioo!” alisema. “Mama yangu hakutarizi miaka arobaini ili atazamwe na watoto wanaotafuna ubani.”

Mama yake, marehemu Yustyna, ndiye aliyeanzisha tawi mwaka 1931. Ndiye pia aliyetundika Kitambaa ukutani, kitani cheupe chembamba kama shali, na kila mwanamke anayejiunga hushona mstari wake juu yake kwa mkono wake mwenyewe, uzi mwekundu na mweusi. Mstari wa mwisho ulishonwa mwaka 2009.

Saa tano Orysia aliinuka kufuata chumvi, akakitazama Kitambaa, akarudi.

“Teklia, Kitambaa kimeanza kushona.”

“Kwa uzi gani?”

“Mwekundu.”

“Mweusi umekwisha?”

“Upo.”

“Basi kiache kishone. Chumvi iko wapi?”

Kuanzia siku hiyo Kitambaa kilirefuka kiasi cha hatua mbili kwa siku, na darizi ikitangulia mbele yake. Kilishuka ukutani, kikapita chini ya mlango, kikapanda ngazi na kuingia barabarani. Theluji haikukilowesha. Dereva wa gari la kufagia theluji alikuwa akifika hapo anainua chuma chake, anavuka, anakishusha. Jumapili Kitambaa hakikushona, kwa kuwa kilitoka katika nyumba inayojiheshimu, na Jumapili sindano haishikwi. Sikukuu nazo kilizifuata kwa kalenda ya zamani, ambayo kanisa lilikwisha kuiacha. Padri aliudhika kidogo. Orysia, ambaye hajaikubali kalenda mpya mpaka leo, alikipelekea kipande cha keki.

Wiki ya pili kikaongeza mwendo, na Alhamisi kikaingia kwa daktari wa meno. Daria Dubyk, msaidizi wa daktari, alikuwa ameshika mrija ndani ya kinywa cha mgonjwa Kitambaa kilipomzunguka yeye kiunoni mara moja, kikajifunga, kikaendelea. Jioni alipofika nyumbani alimkuta bintiye Brooke, mwenye miaka kumi na tisa na kipini puani, naye kafungwa hivyohivyo kwenye kochi. Mama na mwana wakakifuata Kitambaa mpaka kanisani, ambako wanawake walikuwa bado wakikanda, wakashuka ngazi.

“Sisi hatujui lugha ya wazee,” Daria alisema.

“Mna cheti?” aliuliza Bi Teklia.

Walikuwa nacho, cha nyanya yake Daria, ndani ya bahasha iliyokuwa na maelekezo ya mashine ya kufulia. Muhuri ulionekana. Wakaandikishwa siku hiyohiyo, wakapewa aproni za darizi za wanachama, na Ruslana akaambiwa awafundishe kufumba.

“Bana kwa vidole viwili, dada,” alimwambia Brooke. “Usiikabe. Haijakukosea kitu.”

“Lakini zangu zinafumbuka kwenye maji.”

“Zako zinakwenda kuogelea. Anza tena.”

Sasa wanachama walikuwa kumi na mmoja, na kumebaki Alhamisi mbili kabla ya mkutano.

Kitambaa kilitoka tena, na safari hii hakikwenda mbali. Kilizunguka meza, kikamfunga Ruslana kiunoni mara tatu pale alipokuwa amesimama, kikamshonea mstari mzima, mweusi kwa mwekundu, wenye maua ya upande wa Kherson ambayo hakuna mtu pale chumbani aliyejua kuyatarizi. Ruslana aliufuata mstari ule kwa kidole. Kisha akafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na unga.

“Haya, ndiye huyo wa kumi na mbili,” alisema Orysia. “Kitambaa kimesema.”

“Kitambaa hakina muhuri,” alisema Bi Teklia. “Makao makuu watakuja na daftari lao, watauliza cheti. Tawi la jirani walilegeza kanuni, na leo ukumbi wao ni duka la magodoro. Mnataka hapa pauzwe magodoro?”

Hakuna aliyetaka. Ruslana akakifungua Kitambaa kiunoni, akakikunja taratibu ili mstari wake usijikunje vibaya, akarudi kwenye unga. Aproni yake ilikuwa nyeupe tupu, ya wageni.

Alhamisi iliyofuata, saa sita mchana, Kitambaa kilirudi kutoka makaburini kikimwongoza Yustyna, mama yake Bi Teklia, aliyefariki mwaka 1974. Alikuwa na kilemba chake cha maua, na theluji begani. Alivua viatu mlangoni, akaonja viazi kwa ncha ya kijiko.

“Nani katia chumvi humu?”

“Ni mimi, mama,” alisema Orysia.

“Mkono wako mwepesi. Tia tena.”

Bi Teklia alimpangusa mama yake theluji, akamvutia kiti. “Mama, cheti chako unacho?”

“Mlinizika nacho.” Akakitoa kifuani, kimekunjwa mara nne. Muhuri ulionekana. Orysia akaandika jina katika daftari, akapiga mstari chini yake, na wanachama wakawa kumi na wawili. Wanawake walipiga makofi. Daria alifungua chupa ya juisi ya cheri. Bi Teklia alitoa ile barua mfukoni, akalifunika nayo bakuli la unga lisipate vumbi, kwa mara ya kwanza akicheka mpaka meno ya nyuma.

Yustyna alikuwa amekaa karibu na Ruslana, akimtazama vidole.

“Huyu nani? Anafumba kama dada yangu.”

“Ni mgeni, mama,” alisema Bi Teklia. “Hana karatasi.”

“Hata mimi sikuwa nayo,” alisema Yustyna, akichukua duara la unga. “Cheti hiki ni cha binti wa jirani. Yeye ndiye Yustyna. Alikufa kwa homa wiki moja kabla ya meli ya kuja huku, mama yake akanipa. Mimi naitwa Yavdokha.”

Maji yalikuwa yakichemka. Brooke alishusha moto.

“Muhuri ni wa kweli?” Bi Teklia aliuliza.

“Muhuri ni wa kweli.”

“Basi hakuna tatizo.”

“Tatizo lipo, Teklia. Kanuni ile niliiandika mimi, ili asije mtu akaniuliza. Sasa naomba tuifute.”

Kuna utaratibu wa kufuta kanuni, na waliufuata. Inatakiwa theluthi mbili, yaani mikono minane kati ya kumi na miwili. Ruslana aliombwa atoke nje kidogo, akakaa kwenye ngazi na Kitambaa kikamfunika magoti. Wazee wanne waliokwenda shule moja na Bi Teklia hawakuinua mikono; walimtazama yeye kwanza, kama walivyomtazama tangu darasa la pili. Orysia aliinua. Daria na Brooke waliinua. Wengine watatu waliinua. Marehemu aliinua. Orysia akahesabu: saba.

Wote wakamgeukia Bi Teklia. Mikono yake ilikuwa ndani ya bakuli hadi kwenye vifundo.

“Mikono yangu ina unga,” alisema.

Wakangoja. Aliendelea kukanda. Alikanda unga ule kuliko unavyohitaji, na mama yake akamtazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha.

“Mwite mtoto aingie, nje baridi,” hatimaye alisema Bi Teklia. Orysia akaandika daftarini: mikono saba, kanuni inabaki.

Mkutano wa mwaka ulikwenda vizuri. Bibi wa makao makuu alikagua vyeti kumi na viwili, akasifu cha Yustyna kwa jinsi kilivyotunzwa, akala vareniki kumi na tisa zilizofumbwa na Ruslana. Aliuliza kama marehemu anahesabiwa. Orysia akamwonyesha kwamba kanuni haisemi lolote juu ya hilo, na yeye akakubali. Tawi likabaki na chumba chake, sanduku lake na Kitambaa chake.

Kitambaa hakikupumzika, isipokuwa Jumapili. Mwezi wa nne kilikuwa kimefika kwenye nyumba za kupanga nyuma ya stesheni, walikofikia wanawake wa kutoka upande wa vita, na kila Alhamisi kilirudi na wawili watatu, viunoni wamefungwa, kila mmoja na mstari wake. Walijua nyimbo ambazo Yustyna alidhani zimekufa naye. Mmoja alijua kuoka mkate wa harusi wenye ndege juu. Viti ishirini na vinne havikutosha, wakaazima mabenchi kanisani. Aproni nyeupe ziliisha dukani, ikabidi washone nyingine kwa mashuka.

Bi Teklia alikaa kuandika ripoti yake kwa makao makuu. Aliandika kwamba tawi linakua vizuri na urithi unatunzwa, na chini yake: wanachama kumi na wawili, wageni kumi na tisa. Alimpa Ruslana aisome, kwa kuwa ndiye mwenye macho mazuri.

Ruslana aliisoma mpaka mwisho, akajipangusa mikono kwenye aproni yake tupu.

“Andika ishirini, Bi Teklia,” alisema. “Dada yangu kashuka garimoshi asubuhi.”

Bi Teklia akafuta kumi na tisa, akaandika ishirini.