Kicheko cha Alhamisi

Lorene Tackett alikuwa na saluni Harlow Creek, mji mdogo wa milimani Tennessee, na wateja wake wa Alhamisi walikuwa walewale miaka nenda miaka rudi. Majira yale ya baridi hawakuwa na mazungumzo mengine ila bima mpya ya afya ya serikali. Waliiita bima ya rais, na walivyoitamka ungedhani ni jina la ugonjwa. Lorene ndiye aliyeiponda kuliko wote. Alisema serikali ikishaingia kwenye chumba cha daktari haitoki tena.

Asichowaambia ni kwamba yeye mwenyewe alishajiandikisha. Kisukari kilikuwa kimeanza kumsumbua miguu, na kampuni za bima zilikuwa zimemkataa mara tatu. Akaenda kujaza fomu wilaya jirani, asikojulikana, gari akaliegesha nyuma ya jengo.

Alhamisi moja rafiki yake tangu shule, Opal Renfro, ambaye kiwanda cha kushona kilikuwa kimemwachisha kazi, alitoa karatasi mkobani. Akauliza kwa sauti ya chini maktaba inafungwa saa ngapi, maana kuna dada pale anawasaidia watu kujiandikisha.

Wote wakamtazama Lorene.

"Wahi foleni, mwenzangu," Lorene akasema. "Na bakuli la kuombea usisahau."

Wakacheka. Opal naye akacheka, akaikunja karatasi, akairudisha mkobani. Muda wa kujiandikisha ukaisha hajaenda.

Julai Opal aligusa uvimbe kwenye titi. Kwa kuwa hakuwa na bima, akawa anaahirisha kwenda kwa daktari. Novemba uandikishaji ulipofunguliwa tena alijiandikisha, na Januari bima ilipoanza kazi akapimwa. Ilikuwa kansa, na ilishafika kwapani. Daktari hakumficha kwamba angekuja mapema upasuaji ungekuwa mdogo.

Lorene alizipata habari hizo kanisani. Siku ya nne akaenda kwa Opal, akamkuta jikoni anamenya viazi.

"Mimi ninayo hiyo bima, Opal. Nilikuwa nayo siku ile ninakucheka."

"Najua," Opal akasema, bila kuinua macho. "Nilikuwa nyuma yako duka la dawa mwezi wa nane, ukatoa kadi."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Lorene akaanza kuomba msamaha. Opal akamkatiza.

"Hukunishika mkono kunizuia. Mtu mzima mimi, ningeweza kwenda. Lakini usinililie hapa. Kawaambie wale wa Alhamisi."

Alhamisi ya kwanza Lorene alishindwa. Ya pili pia. Ya tatu alikuwa anamchana mke wa mchungaji, naye mama huyo akiwasema watu wa bima ya rais kama kawaida.

"Mimi ni mmoja wao," Lorene akasema. "Mwaka sasa." Kisha akawaeleza ya Opal, pamoja na lile la bakuli.

Mke wa mchungaji alisema nywele zimetosha, akaondoka, na hakurudi tena.

Opal alikatwa titi na tezi za kwapani, akapona, ila mkono wake wa kushoto hauinui hata sufuria. Kila miezi mitatu Lorene humpeleka kupimwa, mwendo wa saa moja na nusu, wakiongea habari za bustani na wajukuu. Opal akisinzia, Lorene huutazama ule mkono uliolala mapajani, maneno ya kuomba msamaha yakamjaa mdomoni. Kisha hukumbuka alivyokatazwa, akapunguza mwendo kwenye kona, akaendelea kuendesha.