Kitabu cha Ndege cha Mwalimu Hironimus

Zama za ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa Songea, tukapata habari kwamba kuna Wazungu wanaovuka bahari kuja kutazama ndege wetu. Si kuwala. Kuwatazama. Kampuni moja ya Dar ilitaka mtu mmoja wa kuwaongoza milimani Matogoro, ajue Kiingereza na ajue kumtambua ndege.

Mjukuu wangu Leticia alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa nami Bombambili ananimalizia chumvi. Kiingereza anacho. Ndege alikuwa anatambua wa aina mbili: anayelika na asiyelika.

"Bibi, nahitaji kitabu," akaniambia. "Kizuri, chenye picha. Nikiikosa kazi hii nitarudi kulima."

Tukaenda Mfaranyaki kwa Azizi, kijana wa Tunduru aliyeuza mitumba. Siku hizo marobota yalikuja na kila takataka ya Ulaya, vitabu vikiwemo. Akanitolea kimoja kizito kama tofali.

"Shikamoo bibi. Hiki ndicho kiboko yao."

"Marahaba. Mbona ndege wote wamesimama kwenye barafu?"

"Walipigwa picha asubuhi, bibi. Hata Songea kuna baridi, wallahi."

Nilimkazia macho mpaka akaona haya, na mfanyabiashara kuona haya si kazi ndogo. Akatoa cha pili: ufugaji bora wa kuku. Nikamwambia kuku namtambua hata akiwa kwenye mchuzi.

Kitabu chenye maana kilikuwa kimoja tu mjini, kwa jirani yetu Mwalimu Hironimus, mstaafu. Kilikuwa cha ndege wa Afrika Mashariki, aliachiwa kikiwa kipya na padri mmoja aliyerudi kwao. Kitabu kilikaa ndani ya kabati la vioo, na Hironimus alikaa mbele ya kabati. Ukipita na ungo wako anakuita akufundishe: ndege fulani anataga hivi, fulani anaruka vile, "kama kitabu kinavyosema." Leticia alipokwenda kukiazima, akaambiwa hakishikwi na mikono ya jikoni. Kumbe naye ameomba kazi ile ile! Mzee mzima, goti linalia kama mlango.

Sasa, Hironimus ni Mpogoro wa Mahenge, mimi Mngoni. Sisi ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Na mtani, msiba ukiingia kwako, ana ruhusa yake: atajilaza kaburini, atakuzomea, atachukua kitu chochote nyumbani mwako, na wewe utakikomboa kwa kuku kabla matanga hayajaisha. Usipokomboa, kimekwenda. Ukinuna, umejiaibisha wewe na ukoo wako.

Basi mama mdogo wa Hironimus akafariki, uzee tu, Mungu amrehemu. Nikaenda, nikalia sehemu yangu, maana marehemu alikuwa mtu. Kisha nikaingia sebuleni, nikafungua kabati, nikatoka na kitabu kichwani mbele ya waombolezaji.

"Mpogoro! Marehemu ameniachia urithi!"

Watu wakacheka na machozi yao. Hironimus akatabasamu kama aliyemeza nzi.

"Mngoni mwizi wewe. Rudisha."

"Lete kuku."

"Nitaleta."

Hakuleta. Namjua, kuku wake hufa kwa uzee. Alituma yai. Nikalikaanga. Akatuma salamu. Nikazipokea. Matanga yakaisha.

Huku nyumbani Leticia alikuwa amekifungua, akaniita. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani. Miaka yote ile ya "kama kitabu kinavyosema", bwana yule alikuwa amesoma jalada! Leticia akazitenganisha kwa kisu changu cha mboga. Humo ndani, lo! Dume na jike wamechorwa pamoja, kinda pembeni, ramani ya wanakoishi, hadi maelezo ya sauti zao. Hicho sasa ndicho kitabu. Kila alfajiri msichana alishuka bondeni, anatazama kwanza, anafungua kitabu baadaye. Mimi nilimpelekea togwa na kejeli kidogo.

Siku ya majaribio nilipanda Matogoro na watu wa kampuni, wageni wao na waombaji wawili, mimi msindikizaji nisiyealikwa. Ndege wa kwanza akatua. Mama mmoja wa Kizungu akauliza ni nani huyo. Hironimus akawahi: mdiria. Wa pili, mdiria. Wa tatu alikuwa mwewe, anaelea juu na makucha yake, naye akawa mdiria mkubwa. Mdiria ni ndege wa mtoni, anavua samaki, na pale tulipokuwa palikuwa pakavu kama ulimi wangu. Ila ndiye aliyechorwa jaladani.

Leticia alimpata hondohondo, akampata chozi. Kisha kikatokea kidude cha rangi ya vumbi, kikaruka zake.

"Huyu simjui," akasema. "Lakini tumbo lina mistari, na aliinua mkia. Tumtafute."

Wakainamia kitabu, yeye na yule mama, wakabishana kwa Kiingereza mpaka wakampata. Yule mama akafurahi kama aliyejifungua. Kazi akapewa Leticia palepale.

Wakati wa kushuka Hironimus akanisogelea, amevimba.

"Nani amekata kurasa za kitabu changu?"

"Kwani zilikuwa hazijakatwa, Mwalimu?"

Watu wa kampuni walikuwa nyuma yetu, wanasikia. Akashusha sauti. "Nitakuletea kuku."

"Matanga yalishaisha, Mpogoro. Kuku mle mwenyewe. Kitabu kimeshaajiriwa."

Akanuna? Thubutu! Mtani hanuni. Alitabasamu mpaka Bombambili.