Pale Palipokataa Kuganda

Barafu ilikuwa imenenepa kila mahali isipokuwa pale alipozama Ochieng.

Kimutai aliikodolea macho ramani kwenye kompyuta yake, ofisini Gaithersburg, Marekani. Kule kaskazini kabisa, pampu zao zilivuta maji ya bahari kutoka chini ya barafu na kuyamwaga juu, baridi iyagandishe, ili barafu iwe nene na istahimili jua la kiangazi. Ramani yote ilikuwa nyeupe. Katikati tu palibaki doa jeusi. Hapo ndipo Ochieng, rafiki yake, alipokuwa akifunga pampu mwezi wa Novemba, barafu ikakatika chini yake. Mwili haukuonekana.

Pampu ile haikuwahi kuwashwa, lakini kinasa sauti chake kilikuwa hai. Na kila Kimutai aliposikiliza, kitu kiligonga kutoka chini: mara mbili, kimya, mara moja.

"Ni barafu inapasuka," alisema Wayne, mkuu wake. "Iwashe leo. Baridi inakwisha. Tukipaacha wazi, kiangazi kitaanza kula kuanzia hapo."

Kimutai alikuwa amemwahidi Awino, mjane wa Ochieng, kwamba hatapafunika bila yeye kujua. Akabeba kompyuta, akaendesha hadi nyumbani kwake, Hyattsville.

Awino alifungua mlango akiwa bado na sare ya uuguzi.

"Mkalenjin, mbona unahema? Umekuja mbio?"

"Kwa gari, shemeji." Hakuweza kucheka. "Wanataka nipafunike."

Awino aliketi. Kwa Waluo, mtu aliyepotelea majini huzikwa kwa yago, tunda refu na zito la mwegea, linalolazwa kaburini badala ya mwili ili roho ipate kutulia nyumbani. Wazee wa kwao Ochieng, Siaya, walishalichuma. Awino ndiye aliyekataa.

"Nizike tunda, na mtu wangu njia yake iko wazi?" alisema. "Kama bado anaweza kutolewa?"

Kimutai alitaka kunyamaza. Badala yake akafungua kompyuta, akamkabidhi vipokea sauti vya masikioni.

Awino alisikiliza. Uso ukamlegea.

"Ndivyo alivyokuwa akibisha akisahau funguo," alinong'ona. "Yaani miezi yote hii yuko mlangoni?"

Awino alifuta macho kwa mkono wa sare, akampigia simu mama mkwe wake. Alisema kwa Kiluo, maneno machache. Kisha akamgeukia Kimutai.

"Wanamzika kesho, kwa yago. Niambie pa kubonyeza."

Akabonyeza mwenyewe. Mota ikakohoa, ikanguruma. Maji yakasikika yakitambaa juu ya barafu. Chini yake kugonga kukafifia, kukafifia, kukakoma.

Awino akapika chai, ikapoa vikombeni.

Kisha mlango wa nyumba ukagongwa. Mara mbili, kimya, mara moja.

Kimutai akainuka nusu. Awino alimshika mkono, kwa nguvu.

"Usifungue, shemeji." Akapaza sauti kuelekea mlangoni, ile sauti ya mke aliyechoka na anayependa. "Ochieng! Hapa tumepanga tu. Nyumbani ni Siaya. Wanakungoja, nenda!"

Mlango ukanyamaza.

Kimutai alipotoka jioni, korido ilikuwa na joto kama kawaida. Lakini zulia mbele ya kizingiti lilikuwa limelowa, na kingo zake zimeanza kuganda. Alilivuka kwa hatua ndefu, asilikanyage.