Ubao Uliogeuzwa Meza

Maftaha na mdogo wake Nurdin walikuwa na karakana moja Kilwa Kivinje. Dada alichora viti na kuvisuka kwa ukindu, mdogo mtu alikata mbao. Nurdin alikuwa amesoma habari za ndugu wachora samani wa Milano ambao, baada ya vita kuu ya pili, waligeuza kiti cha trekta kuwa stuli na dunia ikawapigia makofi. Tangu hapo kila kilichotupwa alikitazama kwa jicho la mchumba.

Siku moja Maftaha alipeleka viti kwenye hoteli ya ufukweni, Kilwa Masoko. Wageni wawili walikuwa wakila pweza juu ya meza ndefu, nyembamba, ambayo Nurdin aliitengeneza peke yake na kuipeleka kimyakimya. Ilimpendeza Maftaha. Akainama aone miguu ilivyoungwa, na huko chini akakuta ubao una mtaro katikati, na tundu lililozibwa mwishoni.

Aliutambua. Ulikuwa kitanda cha zamani cha msikitini, cha kuoshea maiti, kimepinduliwa. Mwaka jana yeye mwenyewe alimmiminia mama yao maji juu yake, yakatokea kwenye tundu lile.

Mgeni mmoja alifuta mchuzi uliomwagika mezani kwa kipande cha mkate, akakila. Maftaha aliwahi kufika kwenye maua, akatapika.

Stefania, msimamizi wa hoteli, alimletea maji, na Maftaha akamweleza ubao ulikotoka. Stefania akauliza kama maelezo hayo yangeweza kuandikwa kwenye kibao, maana wageni wanapenda vitu vyenye historia. Maftaha hakuyanywa yale maji.

Nurdin alipoitwa, alisema msikiti ulishapata cha chuma, hiki kilikuwa kinaliwa na mchwa stoo. Na wale wa Milano, mbona walitumia kiti cha trekta?

"Trekta halikumlaza mama yetu," Maftaha alisema.

"Mbao ni mbao, dada."

Kinyaa kikampanda upya, safari hii si cha meza.

Aliwaomba wageni wanyanyue sahani, akaing'oa miguu kwa nyundo mbele yao, akaupakia ubao kwenye bajaji hadi msikitini. Wanawake waoshaji waliupokea bila maswali mengi.

Baadaye Stefania aliagiza meza nyingine ya namna ileile, na Nurdin akakubali. Maftaha akachukua penseli na ukindu wake, akahamia barazani kwa shangazi yao. Nurdin akimwamkia njiani huitikia, lakini mkono hampi.