Mchezo wa Watu Kumi na Watatu

Uvumi ule ulimkuta mama akiwa na pini mdomoni. Alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake akibana pindo la gauni la msusi, jirani wa mlango wa tatu. Msusi alisimama juu ya stuli akijitazama kwenye kioo cha kabati, na akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

“Mkweo yule nesi alikuwa kwangu juzi kusuka. Kasema mwezi huu ndiyo mara ya mwisho kuja kwako. Hivi pindo halijawa fupi mno?”

Mama hakuweza kujibu na pini zile. Mpaka anamaliza kuzitoa moja moja, msusi alishahamia kwenye habari za mwenye nyumba wake, na mama akaona haya kumrudisha nyuma. Gauni likaisha, msusi akaenda zake, maneno yakabaki. Mama alikanyaga cherehani siku nne nzima huku yanamzunguka kichwani, hata mkono wa shati la mteja akaushona nje ndani.

Nesi alikuwa mke wa Mkia, kifungua mimba wa mama. Jina hilo la Mkia lilitoka kwenye ludo. Marehemu mume wa mama alichora ubao wa ludo kwa mkono wake kwenye kipande cha mbao, na akaweka sheria ya nyumba: atakayekuwa wa mwisho kuingiza kete zake anaitwa Mkia mpaka mchezo mwingine. Watoto walikuwa watatu, na mkubwa ndiye aliyekuwa akibaki nyuma kila wiki, maana mama alimkataza kula kete za wadogo zake wasije wakalia. Jina likamganda. Alioa nalo, akapata watoto nalo, na hata mafundi umeme wenzake walipompigia simu mama walisema wanamtafuta Mkia. Mama aliliona jina tamu, la kumbukumbu ya marehemu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wote walikuja kwake. Walikula mchana, halafu ubao unatandikwa mezani mpaka jua linapozama. Tatizo, ludo ni ya watu wanne, na wao sasa walikuwa kumi na watatu. Watatu wale wa damu walikaa mezani na mama, wakwe wakakaa nyuma yao kama waliosindikiza mgonjwa hospitali, na wajukuu wakazagaa uani. Mama akajiambia kwamba hapo ndipo nesi alipochokea. Akaamua kununua mchezo utakaowatosha wote.

Muuzaji wa duka la vifaa vya shule alimhoji kama daktari. Mko wangapi, mdogo ana miaka mingapi, kuna asiyesoma vizuri, kuna wanaonuniana? Mama akasema hakuna wanaonuniana. Muuzaji akamwekea maboksi mezani. Ule wa kununua majumba akausukuma pembeni mwenyewe, akisema unakula saa nne nzima na watu wanaondoka hawaagani. Mwingine ulikuwa wa kutoana: anayetolewa mapema anashika simu, na huyo umeshampoteza. Aliousifia ni wa kuchora na kukisia. Mnagawana makundi mawili, mnachanganya wazee, watoto na wakwe, na asiyejua kuchora ndiye anayechekesha kuliko wote.

Mama alikuwa ameshashika boksi lingine, jembamba, jekundu. Linaitwa Nani Kaandika. Mmoja anasoma swali kwenye kadi, kila mtu anaandika jibu kwa siri na kulitia kwenye bakuli, kisha yanasomwa na watu wanakisia la nani.

“Huo nawauzia wanachuo, mama yangu,” muuzaji akasema. “Kwa wakwe haufai.”

“Kwani watu wanaandika kweli?”

“Ndiyo ubaya wake. Wanaandika kweli.”

Mama akaomba afungiwe huo. Hakuwa tena anatafuta mchezo. Alikuwa anatafuta jibu. Nyumbani alizipitia kadi zote mia moja kwa miwani yake, pole pole, maana shule yake iliishia darasa la saba na maandishi madogo humtoa jasho. Alipofika kwenye kadi inayouliza ni jambo gani la familia hii ungeliacha leo kama ungeweza, akaitenga. Jumapili ilipofika aliikalia.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linalouma mpaka leo. Wajukuu walipelekwa uani na mpira, watu wazima saba wakazunguka meza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekaa nyuma ya mwenzake. Kadi ya kwanza iliuliza nani anakoroma. Karatasi tano kati ya saba zilimtaja mume wa Mwalimu, binti wa katikati, na ya sita, iliyomtaja vilevile, ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Kitinda mimba akacheka mpaka akamwaga chai. Nesi naye alicheka, akamwegemea mumewe begani, na mama akamtazama akawaza: ona anavyojua kuficha.

Zamu ya mama ilipofika alivuta kadi kutoka chini ya paja lake, akajifanya ameitoa kwenye rundo. Akasoma. Watu wakainamia karatasi, kalamu zikaanza.

Alisoma majibu mwenyewe. Kuosha vyombo vya watu kumi na watatu. Wakacheka, wote wakamnyooshea kidole mke wa kitinda. Utani juu ya kipara changu. Hilo halikuhitaji kukisiwa, mwenye kipara pale ni mume wa Mwalimu peke yake. Simu mezani. Ya nne aliifunua akaisoma kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti.

“Kuja hapa.”

Maneno mawili kwa herufi kubwa. Sheria ya mchezo ilisema watu wakisie. Mama hakusubiri. Aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa kinachosubiri mkasi, akamgeukia nesi.

“Mwanangu, kwangu umekula na umelala. Ulipokuwa zamu za usiku nilikulelea watoto. Kama umenichoka ungeniambia mimi, si msusi.”

Nesi hakubisha. Alimtazama mumewe. Mwalimu akamshika mama mkono chini ya meza, mama akautoa. Akaendelea, na yote aliyoyakalia siku zile yakatoka: kwamba wanawe hawajawahi kukosa Jumapili hata moja kabla ya kuoa, kwamba mtu akitaka kumtenga mtoto na mamaye huanza kidogo kidogo, na kwamba yeye si mjinga kwa sababu hakusoma.

“Mama,” nesi akasema taratibu, sauti ile anayowasemesha wagonjwa, “soma na zilizobaki.”

Zilikuwa tatu, na moja ni ya mama mwenyewe, ambayo hakuandika kitu. Ya kwanza ilisema kuondoka mapema. Ya pili ilikuwa na mwandiko mwembamba uliolala, wa mtu aliyezoea kujaza kadi za wagonjwa. Mama akaisoma mpaka mwisho kabla hajaelewa anasoma nini.

“Kumwita mume wangu Mkia.”

Uani mpira uligonga ukuta mara mbili. Kifungua mimba akanyoosha mkono, akaivuta ile karatasi ya herufi kubwa upande wake.

“Hii ni yangu,” akasema. “Huyu unayemsema ndiye anayenileta. Kila mwezi ananinyooshea shati, ananiambia twende, ni mama yako. Alimwambia msusi mimi ndiye niliyegoma. Msusi kakuletea nusu.”

Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba ni miaka ishirini na sita. Kwamba mafundi wenzake wanamwita hivyo mbele ya wateja, na mteja anauliza kama kweli atafungiwa nyaya na mtu anayeitwa Mkia. Kwamba mwezi uliopita mwanawe aliambiwa shuleni aandike jina la baba, akaandika hilo, darasa zima likacheka, mtoto akarudi nyumbani kuuliza baba alishindwa nini.

“Na ile ludo sikuwa nashindwa,” akasema. “Uliniambia nisiwale wadogo zangu. Nikakusikiliza.”

Kitinda mimba alitazama chai yake. Mama aliona meza nzima inamngoja yeye, na alitaka kusema neno la kumbembeleza mwanawe, neno la haraka, lolote. Likatoka lililozoea kutoka.

“Lakini Mkia, ule ulikuwa utani tu.”

Alilisikia wakati mmoja na wenzake. Hakuna aliyemlaumu. Kifungua mimba alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo, akainuka, akaenda uani kuwaita watoto. Nesi alibaki nyuma akitafuta kiatu kimoja cha mdogo chini ya kochi. Alipokipata alimuaga mama kwa heshima zote, mikono miwili, na akasema atajitahidi kuongea na mumewe. Jua lilikuwa bado halijazama.

Mwezi uliofuata hawakuja, na uliofuata huo. Nesi alipiga simu, akasema wote hawajambo, mume wake ana kazi nyingi. Baadaye simu zikapungua. Mwalimu na mumewe wanakuja bado, lakini wanakula na kuondoka, na ubao wa ludo umeegemea ukuta nyuma ya cherehani. Mama akiwa peke yake hujifundisha kutamka jina la mwanawe, lile alilompa yeye mwenyewe, la babu yake mzaa mama. Mara nyingi ulimi unateleza kabla hajafika katikati.

Boksi jekundu alilirudisha dukani, hakutaka badala yake kitu chochote. Alimwomba muuzaji amruhusu kuandika maneno machache ndani ya kifuniko, ili atakayelichukua ayaone kabla ya kadi. Aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akikandamiza kalamu:

Usinunue mchezo wa watu wanne kama mko kumi na watatu.

Usinunue wa kutoana, wala unaokula saa nne nzima.

Usichague mchezo ili umpeleleze mkwe. Kama una swali, mwulize.

Usiipange kadi.

Uvumi wa nusu usiukalie.

Usimwambie mtoto mkubwa ashindwe kwa ajili ya wadogo, halafu ukamcheka.

Anayeshindwa asipewe jina. Na kama mlishampa, acheni leo, kabla hamjatandika ubao.