Petroli ya Siku Zote

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la watu wawili, na ukilikalia makalio yako yako shubiri mbili tu kutoka lami. Kwa petroli, hata hivyo, lilikuwa linakunywa kama lori la magogo. Kilomita kumi kwa lita moja! Setsuyo Orihara alipiga hesabu mara tatu, akaona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekunywa.

Lilikuwa gari la marehemu mumewe, Mitsugu. Kwa miaka ishirini Setsuyo aliendesha kipikapu cheupe, akizunguka vijiji vya bondeni huko milimani Shimane, Japani, na mkoba wa mikasi, kuwakata nywele wazee wasioweza tena kushuka mjini. Mwezi wa pili kipikapu kilioza sakafu, akachukua funguo za gari jekundu. Ndani yake alikuta daftari la Mitsugu. Kila alipojaza tangi mpaka juu aliandika kilomita alizokwenda na lita zilizoingia, akagawanya. Ukurasa baada ya ukurasa jibu lilikuwa lile lile: kumi na saba, kumi na saba na kidogo, kumi na sita na nusu siku za theluji. Tarehe hakuandika hata moja.

Shemejiye Kosaku, mdogo wa Mitsugu, alikuwa fundi katika gereji ya mjini. Jumapili moja ya mwezi wa tano alikuja kumfukizia kaka yake ubani mbele ya picha. Alipomaliza aliketi, akavuta bakuli la figili za chumvi, na akaanza.

"Shemeji, lile si gari tena. Ni birika lililotoboka."

"Lilikuwa linakwenda kumi na saba."

"Lilikuwa! Kabla kaka hajalichokonoa. Mtu wa ofisi ya misitu, anaingiza mikono mpaka kwenye kompyuta, ubongo wenyewe wa injini! Nilimwambia usoni, unaliharibu. Akacheka. Sasa matokeo unayaona. Nina mtu Osaka analitaka hivyo hivyo lilivyo."

Setsuyo alimmiminia chai, ingawa moyoni alikuwa amefura. Mitsugu hakuwa mtu wa kuharibu vitu. Alikuwa mtu wa kukaa siku nzima na skrubu moja.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hasira haingeliondoa. Kituo cha petroli cha Mzee Nezu, kilichokuwa pekee bonde zima, kilikuwa kinafungwa tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Matangi yaliyozikwa chini yalikuwa yamezeeka, sheria ilitaka mapya, na Nezu mwenyewe alikuwa na miaka sabini na saba. Baada ya hapo Setsuyo angelazimika kuvuka mlima kwenda kujaza mjini mara moja kwa wiki. Mzunguko wake wote, pamoja na safari hiyo, ulikuwa kilomita mia nne na ishirini. Tangi lilibeba lita thelathini. Kwa kumi kwa lita, angekwama njiani na mikasi yake.

"Haya, shemeji," akasema. "Siku kituo kinafungwa, kama halijafika kumi na tano, mwite mtu wako wa Osaka alichukue. Likifika, sitaki kusikia tena jina la mume wangu likitajwa pamoja na neno kuharibu. Tumeelewana?"

"Umesema mwenyewe," Kosaku akajibu, akatafuna figili.

Kesho yake Setsuyo alivaa ovaroli ya Mitsugu, akakunja mikono yake mara mbili, akaingia chini ya gari. Hakuwa fundi. Alikuwa na daftari, kitabu cha gari, sanduku la spana, na ukaidi ambao mama yake alikuwa akiulalamikia tangu akiwa darasa la pili.

Alianza na tairi. Alipopima upepo alitamani kujizaba kofi. Zote nne zilikuwa laini kama mochi, zile keki za mchele. Akajaza, akaenda mzunguko wake, akarudi kwa Nezu. Kumi na moja na kidogo. Wiki iliyofuata, kila aliposimama kwenye nyumba ya mzee alishika rimu moja moja kwa kiganja kabla ya kutoa mikasi. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto. Breki ilikuwa imeng'ang'ania. Aliifungua, akasugua kutu, akapaka grisi, akaumia kidole, akatukana tusi ambalo hakujua kwamba analijua. Kumi na mbili na nusu. Kisha akagundua kwamba sindano ya joto haifiki katikati hata akipanda mlima. Themostati, vali ya maji ya kupozea injini, ilikuwa imebaki wazi na injini ilikuwa ikifanya kazi na baridi siku nzima. Akaagiza nyingine, akaifunga mwenyewe. Kumi na tatu na nusu.

Hapo hesabu ikagoma kupanda. Akasafisha kichujio cha hewa, akashusha kila mzigo isipokuwa mikasi, akaendesha kwa mguu mwepesi kama anakanyaga yai. Kumi na tatu na nusu, na tarehe zinakimbia.

Na kulikuwa na sauti. Akipandisha mlima, injini ilitoa mlio mwembamba, kama kokoto chache ndani ya mkebe. Alifungua plagi, akaona vidoa vidogo vyeusi kwenye kauri nyeupe. Alipekua daftari mpaka akapata mstari wa zamani wa Mitsugu: *Kokoto mlimani: moto wa plagi unawahi, au petroli haifai.*

Petroli. Setsuyo alilifunga daftari haraka, kama aliyefumania jambo lisilomhusu.

Kila mtu bondeni alijua matangi ya Nezu yamechoka. Maji yakipenya humo, nani angeshangaa? Lakini utamwambiaje Mzee Nezu? Miaka arobaini na tano mtu anainama barabarani na kofia mkononi kila gari linapotoka, na mwezi wake wa mwisho umwambie petroli yako mbovu? Heri umtemee mate. Kwa hiyo kwa wiki tatu Setsuyo aliingia kituoni, akashusha kioo, akasema maneno yale yale aliyoyasema miaka ishirini, "Ya siku zote, Mzee, mpaka juu." Na Nezu akajibu, "Ya siku zote, Bi Orihara," akajaza. Wakazungumza juu ya mvua.

Tarehe thelathini aliingia saa nne asubuhi, tangi likiwa karibu tupu. Watu walikuwa wamekuja kuaga. Juu ya meza palikuwa na chupa za pombe ya mchele na sanduku la keki za maharage. Nezu alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Ya siku zote?" akauliza, mkono tayari kwenye mpini mwekundu.

Setsuyo alifungua mdomo kuitikia, na hasira ikampanda, si ya Nezu bali ya nafsi yake. Jioni hii angempigia Kosaku na kumwambia, njooni mlichukue, kaka yako aliliharibu. Yote kwa sababu alishindwa kumuuliza mzee swali moja. Akashuka garini.

"Mzee Nezu, nisamehe. Nakuuliza jambo la utovu wa adabu, na nakuuliza leo kwa sababu kesho hupo. Petroli yako ina maji?"

Waliokuwa karibu na meza wakageuka kutazama. Nezu alivua kofia taratibu. Uso ulikuwa umemwiva.

"Kila asubuhi napima, Bi Orihara. Miaka arobaini na tano. Haijawahi kuingia hata tone."

"Basi kwa nini gari la mume wangu linagonga mlimani? Yeye akija alikuwa anakuambia nini?"

"Kama unavyosema wewe. Ya siku zote, mpaka juu."

"Nawe ukimtilia ipi?"

Mzee aligeuka, akautazama mpini wa pili, wa njano, wa petroli kali ya bei ya juu. Setsuyo akafuata macho yake.

"Alipobadilisha ule ubongo wa injini," Nezu akasema kwa sauti ya chini, "alikuja akaniambia, kuanzia leo nitilie ya njano, nyekundu itaigonga. Hajawahi kuninunulia nyekundu tena."

"Na mimi je?"

"Wewe ya siku zote ni nyekundu. Ya kipikapu. Ulipokuja na gari hili ukasema ya siku zote... nilijiuliza, Bi Orihara. Nikasema, mama wa watu kafiwa, labda anabana matumizi. Nitamwuliza mjane mbele za watu kwa nini anachukua ya rahisi? Nikaona haya."

"Kitabu cha gari kinasema ya kawaida inatosha!"

"Kitabu hakikumjua mumeo."

Setsuyo alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa mkono wa blauzi. Miezi mitano! Mmoja akimwonea haya mwenzake, mwenzake akimwonea haya mmoja, na katikati jina la mtu aliyekufa likichafuka.

"Tia ya njano," akasema. "Mpaka juu. Unafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nisubiri."

Alirudisha kihesabio kwenye sifuri, akaondoka. Akavuka mlima, akakata nywele za watu wanne katika vijiji vitatu, chai akakataa nyumba zote nne, jambo lililozua manung'uniko mpaka wiki iliyofuata. Kokoto zilisikika kwenye kona za mwanzo, zikapungua, na kufika kileleni hazikuwepo. Gari lilipanda kama linavutwa kwa juu. Alikumbuka Mitsugu akimwambia, panda siku moja uone, naye akimjibu kwamba ana kazi. Hilo lilimuuma kuliko yote, na akaendelea kuendesha.

Lori la magogo lilimchelewesha njiani. Alifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Nezu alikuwa amesimama peke yake kwenye mvua, kamba ya kufungia mlango bado mkononi, hajaifunga.

Akajaza mpaka juu. Mpini ulipokata, wote wawili wakasogea kusoma. Lita saba kamili. Kilomita mia moja na kumi na sita.

Setsuyo aligawanya kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu. Kumi na sita na nusu.

Akatoa simu palepale. "Shemeji, mwambie mtu wako asije. Kumi na sita na nusu."

Kosaku akauliza, "Hakuliharibu?"

"Hakuliharibu hata kidogo."

"Nilimwambia usoni, shemeji. Naye akanichekea tu." Akavuta pumzi. "Ilikuwa nini basi? Nani alikosea?"

Setsuyo alimtazama Nezu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mvua inamtiririka shingoni, akingoja kutajwa kama mtu anayengoja hukumu.

"Mimi," Setsuyo akasema. "Nilikuwa siulizi."